Kikuza sauti cha transista moja kinasumbua? Pima volti tatu kabla hujang'oa transista

Malalamiko ninayoletewa kuhusu vikuza sauti vya transista moja ni yale yale: hakitoi sauti, kinakwaruza, sauti ni ndogo, kinavuma, kinapiga mluzi. Na karibu kila anayeniletea ameshang'oa transista na kuweka nyingine, wengine hata mara mbili. Transista ndogo kwenye volti 9 au 12 haifi ovyo. Mara nyingi shida ni volti mbovu kwenye miguu yake, au saketi yenyewe imepewa kazi isiyoiweza. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha kukuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.

Transista ina miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Miunganiko yake kwenye kikuza nayo ni mitatu. Mawimbi yanaingilia mguu mmoja na kutokea mwingine. Mguu unaobaki ndio wa pamoja.

Emita ya pamoja inapokea kwenye beisi na kutoa kwenye kolekta. Inakuza volti sana na kuyapindua mawimbi juu chini. Ndiyo ya maiki, na ndiyo utakayoikuta kwenye redio nyingi.

Kolekta ya pamoja, ambayo mafundi wengi wanaiita emita folowa, inapokea kwenye beisi na kutoa kwenye emita. Haikuzi volti, inatoa pungufu kidogo ya ilichopokea. Faida yake ni mkondo: haikilemei chanzo cha sauti, na ina nguvu ya kusukuma waya mrefu au hedifoni.

Beisi ya pamoja inapokea kwenye emita na kutoa kwenye kolekta, huku beisi imefungwa graundi (upande hasi wa umeme) kwa kapasita. Inakuza volti kama ya kwanza bila kupindua, ila ukinzani wake wa kuingilia ni mdogo mno, kama omu 25 kwa mkondo wa miliampea 1. Utaikuta kwenye vikuza antena, kwenye redio za FM, na kwenye intakomu ambazo spika ndiyo hiyo hiyo maiki.

Saketi ya mfano

Namba zote hapa chini ni za emita ya pamoja iliyozoeleka: umeme wa volti 12, rezista ya 47k (yaani omu 47,000; k ni elfu) kutoka chanya kwenda beisi, 10k kutoka beisi kwenda graundi, 3.3k kwenye kolekta, 1k kwenye emita, kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba na hiyo 1k, na kapasita za mikrofaradi 10 pa kuingilia na pa kutokea. Transista ni NPN ndogo (aina ambayo kolekta huelekea chanya na emita hasi) kama BC547.

Weka ncha nyeusi ya mita graundi, usiingize sauti yoyote, kisha pima. Ikiwa nzima, beisi itasoma karibu volti 2, emita karibu 1.4, na kolekta kati ya 7 na 7.5. Ukitumia rezista nyingine namba zitahama, lakini mambo mawili hayahami: beisi iko juu ya emita kwa volti 0.6 hadi 0.7, na kolekta haijagandamana na emita wala na chanya.

Anza na betri kila unapoweza. Betri haina mvumo na haiui mtu. Kama lazima utumie umeme wa ukutani, tumia adapta iliyofungwa, na usiifungue.

Dalili: kimya kabisa

Kinachoongoza ni miguu ya transista kuchanganywa. Ishike BC547 upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini: kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 na S9014 ni emita, beisi, kolekta. C945 ni emita, kolekta, beisi. Kwa hiyo ukichomeka C945 kwenye matundu ya BC547, hakuna mguu hata mmoja utakaokaa mahali pake, ingawa kwa macho zinafanana kama mapacha.

Kama maandishi yamefutika, tumia kipimo cha dayodi kwenye mita. Kwa NPN, ncha nyekundu ikiwa kwenye beisi itasoma 0.6 hadi 0.7 kwenda kwenye miguu mingine yote miwili. Emita ni ule unaosoma juu kidogo kuliko kolekta. Tofauti ni milivolti chache tu, kwa hiyo tazama tarakimu za mwisho, na usiishike transista kwa vidole wakati unapima maana joto la mkono linazisogeza. Pima ikiwa nje ya bodi. Ikiwa ndani, rezista za jirani zitakudanganya.

Cha pili ni solda. Niliwahi kubadilisha transista tatu kwenye kikuza maiki kimoja, na kosa lilikuwa kwenye mguu wa ile 47k. Ukiiangalia kwa jicho tu solda ilikuwa inang'aa vizuri. Kwenye lenzi, chini ya taa, kulikuwa na ufa wa duara kuuzunguka mguu, mwembamba kuliko unywele. Ukiusukuma mguu kwa kijiti cha meno sauti inakuja, ukiuachia inaondoka. Tangu siku hiyo sing'oi kitu kabla sijagusa kila mguu kwa kijiti cha mti.

Kama miguu na solda viko sawa, sasa ziache volti tatu ziseme:

- Kolekta 12, emita 0, beisi 0: beisi haipati umeme. 47k imekatika, au kitu kinaivuta beisi graundi, mara nyingi kapasita ya kuingilia iliyovuja.
- Kolekta 12, emita 0, beisi 2: kiungo cha beisi na emita kimekatika ndani ya transista. Hapa kweli badilisha.
- Kolekta 12, emita karibu 1.5 na inayumba: rezista ya 1k ya emita imekatika. Hiyo volti unayoiona inapita kwenye mita yako.
- Beisi imeshuka hadi 0.8, kolekta na emita karibu sifuri: 3.3k ya kolekta haifikishi umeme.
- Beisi 0.65, emita 0 kamili, kolekta karibu 0.1: kapasita ya emita imeshoti.
- Kolekta karibu 3, emita karibu 2.9, beisi karibu 3.6: 10k ya beisi imekatika, transista imefunguka yote, yaani inapitisha mkondo wote inaoweza.
- Kolekta na emita zote 2.8 lakini beisi ni 2 tu: kolekta na emita zimeshoti ndani. Beisi kuwa chini ya emita ndiyo alama yake, na ndiyo inayoitofautisha na hali iliyotangulia.

Fundi aliyeizoea orodha hii anajua rezista gani imekufa kabla pasi ya kulehemu haijapata moto.

Volti zikiwa sawa zote na bado kimya, kosa liko nje ya transista. Gusa beisi kwa ncha ya bisibisi ukiwa umeshika chuma chake (kwenye saketi ya betri tu, kamwe si kwenye chombo cha umeme wa ukutani). Ukisikia mvumo, kuanzia beisi kwenda mbele ni nzima. Tafuta kwenye kapasita ya kuingilia, waya wa maiki au maiki yenyewe. Usiposikia, tafuta upande wa kutokea.

Dalili: sauti ipo, lakini ndogo mno

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu saketi ni nzima kabisa na volti zote ni sahihi. Mtu ameunga spika ya omu 8 moja kwa moja kwenye kolekta kupitia kapasita, anaweka sikio na kusikia kama mbu.

Hesabu ni hii. Kwa mkondo wa miliampea 1.4, ukinzani wa ndani wa emita ni kama omu 18 (milivolti 25 gawanya kwa mkondo). Ukuzaji ni mzigo wa kolekta gawanya kwa hiyo 18, yaani 3,300 kwa 18, kama mara 180. Sasa weka spika: 3,300 sambamba na 8 ni karibu omu 8 tu. Gawanya kwa 18, unapata pungufu ya nusu. Kikuza chako cha mara 180 kimekuwa kipunguza sauti. Hata ukibadilisha transista 20, jibu ni hilo hilo.

Wengi wakishaelewa hilo wanakimbilia emita folowa, nayo kwa spika haitoshi ikiwa na 1k kwenye emita. Transista inaweza kusukuma mkondo kwenda kwenye spika, lakini kuurudisha ni kazi ya rezista, na 1k inarudisha miliampea chache tu. Kwa hedifoni za omu 32 inawezekana: weka emita kwenye volti 5 na rezista ya omu 100, mkondo utakuwa miliampea 50. Rezista hiyo inakula robo wati kamili, kwa hiyo nunua ya nusu wati, na transista iwe BD139 badala ya BC547. Kwa spika ya omu 8 acha transista moja ipumzike; tumia IC (chipu ya kukuza sauti) kama LM386 baada yake.

Kama mzigo si tatizo, sababu inayofuata ni kapasita ya emita kukauka. Bila hiyo ukuzaji unaanguka kutoka mara 180 hadi mara 3 na kitu, na volti tatu hazibadiliki hata kidogo, ndiyo maana watu wanaikosa. Chukua mpya ya mikrofaradi 100, igusishe sambamba na ile ya zamani, hasi upande wa graundi. Sauti ikiruka juu, umeipata. Angalia polariti (upande upi chanya, upi hasi) kabla ya kuiunga: elektrolaiti, yaani kapasita ya aina hii yenye chanya na hasi, ikigeuzwa inavimba, na inaweza kupasuka usoni kwako.

Ya tatu ni maiki ndogo za elektreti, zile za duara kwenye simu na redio kaseti. Hazifanyi kazi bila umeme wake. Zinahitaji rezista kutoka chanya, 10k kwa volti 12. Mguu ulioungwa na ganda la maiki ndio wa graundi. Ukipima kwenye mguu mwingine usome volti kadhaa. Ukisoma 12 kamili au sifuri, kuna kasoro.

Kisha kuna kulemewa kwa chanzo. Emita ya pamoja yetu ina ukinzani wa kuingilia wa kama 2.5k. Pikapu ya gitaa au kipaza cha piezo hakiwezi kuusukuma mzigo huo. Sauti inakuja nyembamba na hafifu. Hapo ndipo pa emita folowa: itangulie mbele, emita ya pamoja ifuate. Kinyume chake, spika ya omu 8 inayotumika kama maiki inapenda mlango wa omu chache, na beisi ya pamoja inaipokea vizuri kuliko zote.

Dalili: sauti inakwaruza au kupasuka

Punguza sauti ya chanzo kwanza. Emita ya pamoja yenye kapasita ya emita inaanza kuharibu sauti pa kuingilia pakifika kama milivolti 10. Simu inatoa mamia ya milivolti. Mara 180 ya hizo ni makumi ya volti, na betri yako ni 12 tu, kwa hiyo vichwa vya mawimbi vinakatwa. Weka potensiometa ya 10k mlangoni, au fanya ninavyopenda mimi: ongeza rezista ya omu 100 mfululizo na kapasita ya emita. Ukuzaji utashuka hadi kama mara 28, sauti itasafika, na volti za miguu hazitaguswa.

Ikiwa hata sauti ndogo inakwaruza, pima kolekta. Ikiwa karibu na 12, transista inakaribia kufunga, yaani haipitishi mkondo. Ikiwa karibu na emita, imefunguka kupita kiasi. Pima na betri ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imetolewa, maana betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo.

Kisha kuna ugonjwa wa saketi zenye rezista moja tu ya beisi, ile ya 1M au 1.5M (M ni omu milioni) kutoka chanya, bila rezista ya emita. Asubuhi inaimba. Saa saba mchana, kibandani chini ya bati, inakwaruza. Jioni inapona. Transista ikipata joto, volti ya beisi na emita hupungua kama milivolti 2 kwa kila digrii moja ya selsiasi, na uwezo wake wa kukuza mkondo unapanda. Saketi hiyo haina kitu cha kuizuia. Ubaya zaidi, BC547B inaruhusiwa kuwa na ukuzaji wa mkondo popote kati ya 200 na 450. Kwa 1.5M na kolekta ya 3.3k, yenye 200 itakaa kwenye volti 7, nzuri kabisa. Yenye 450 itaanguka chini ya volti 1. Zote ni nzima, zote zimetoka mfuko mmoja.

Dawa nyepesi ni kuihamisha rezista hiyo. Toa upande ulioko kwenye chanya, uuunge kwenye kolekta, na tumia 820k. Mkondo ukizidi, kolekta inashuka, na beisi inapata kidogo. Yenye 200 itakaa karibu 7, yenye 450 karibu 4.7, na zote mbili zitaimba. Dawa kamili ni saketi ya mfano ya hapo juu yenye rezista mbili za beisi na moja ya emita.

Kwenye emita folowa mkwaruzo una sura yake: nusu ya chini ya wimbi inakatwa kwa sababu rezista ya emita haivuti mkondo wa kutosha. Ipunguze rezista, au ondoa mzigo mzito.

Dalili: besi haipo, sauti nyembamba kama ya simu

Kapasita ya kuingilia ni ndogo mno. Ya mikrofaradi 0.1 kwenye ukinzani wa 2.5k inakata kila kitu chini ya hezi 640 hivi. Weka 10.

Dalili: mvumo

Weka betri. Mvumo ukiisha, unatoka kwenye adapta: kapasita yake ya kuchujia imechoka, au haina reguleta. Reguleta ya 7812, inayoshikilia volti 12, inasaidia, mradi volti zinazoingia zifike 15 hivi. Mvumo ukibaki hata kwa betri, unaingilia kwenye waya wa maiki. Tumia waya wenye wavu, wavu uungwe graundi upande wa kikuza.

Mvumo unaoambatana na kuchomwachomwa kidogo unapogusa chuma cha kifaa ni jambo lingine. Chomoa ukutani, usipime, usiguse tena. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Dalili: mluzi, put-put-put, au redio inayoongea yenyewe

Funika maiki kwa kiganja. Mluzi ukibadilika, ni sauti ya spika inayorudi kwenye maiki; zitenganishe. Ile put-put kama injini ya mashua hutoka kwenye betri iliyochoka au ugavi usio na kapasita: unga mikrofaradi 470 kati ya chanya na graundi, karibu kabisa na saketi. Ukisikia kituo cha redio kwenye kikuza cha maiki, weka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya beisi na emita.

Emita folowa inayosukuma waya mrefu ina tabia ya kutetema kwa masafa ya juu usiyoyasikia. Unachoona ni volti zisizoeleweka na sauti chafu. Rezista ya omu 100 kwenye beisi, iungwe ikigusana na mguu, huituliza.

Dalili: transista inachoma kidole

Kwenye emita ya pamoja yetu hilo haliwezekani: 3.3k inabana mkondo kiasi kwamba transista haili hata miliwati 12. Ukikuta ina moto, rezista zimechanganywa. 3.3k ni chungwa, chungwa, nyekundu. Ya omu 33 ni chungwa, chungwa, nyeusi, na chini ya mwanga hafifu macho hukosea.

Moto ni ugonjwa wa emita folowa, kwa sababu kolekta yake iko moja kwa moja kwenye chanya. Zima mara moja. Kagua kama upande wa kutokea umeshoti graundi, au kapasita ya kutokea imegeuzwa.

Dalili: kikuza antena hakisaidii, au kinaongeza kelele

Kwenye beisi ya pamoja, tazama kapasita ya beisi kwanza. Kwa masafa ya FM iwe ya seramiki, nanofaradi 1, miguu imekatwa fupi kadiri inavyowezekana. Elektrolaiti ya mikrofaradi 10 haifai hapo ingawa namba yake ni kubwa. Ikiwa haipo au imekatika, beisi inaelea na ukuzaji unapotea. Kisha kagua umeme unaopandishwa kwa waya wa antena. Maji yakiingia kwenye kiungo cha juu, kutu ya kijani inaula waya wa kati.

Pa kuacha

Mwongozo huu ni wa saketi za volti 9 hadi 12. Acha na mwite fundi aliyebobea ikiwa kosa limefika kwenye mambo haya: fyuzi inayokatika kila ukiweka mpya, harufu ya kuungua kutoka upande wa umeme wa ukutani, adapta iliyopasuka, maana kapasita yake kubwa hubeba volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa, kikuza kikubwa cha ukumbini au cha valvu, televisheni ya kioo cha zamani. Na kwa antena, usipande juu wakati mawingu ya mvua yamekusanyika, wala usisogeze mlingoti ulio karibu na nyaya za umeme, hata kama umeshaujua ubovu na una kapasita mfukoni.